Mkongwe Abaki au Aende? Njia Tatu za Timu Yenye Kwotabeki Aliyezeeka

Kila Machi inapokaribia, hapakosi timu ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, inayoumizwa kichwa na swali lile lile. Kwotabeki wake ameshapita miaka 37, mkataba unaisha au umekuwa mzigo, na mwenyewe anasema bado yumo. Mashabiki wanagawanyika. Hawa wanataka mzee aongezewe mwaka, maana ndiye aliyewapa heshima. Wale wanataka atundike daluga, mpira apewe chipukizi. Na mabishano yote huishia kwenye mkono wake: bado unarusha, au umechoka?

Mimi naona mkono ni swali la tatu, pengine la nne. Ukizipitia kesi kubwa tangu 2008, wazee wengi walioanguka hawakuangushwa na mkono. Timu ilipenda walichofanya mwaka uliotangulia, ikawarudisha, lakini ikawarudisha peke yao. Wenzao waliowabeba walikuwa wameshatawanyika.

Kwa msomaji aliyezoea soka ya kawaida, maelezo mafupi. Kwotabeki hupokea mpira karibu kila shambulizi linapoanza, kisha ndani ya sekunde chache huamua aurushe kwa mpokeaji, amkabidhi mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe. Mbele yake husimama wanaume watano wenye miili mikubwa, kazi yao kuwazuia wapinzani wasimfikie. Hao nitawaita ukuta. Ukuta ukimpa mzee sekunde tatu, ujuzi wa miaka 15 unafanya kazi. Ukimpa moja na nusu, ujuzi hauna nafasi, na miguu yake haitamtoa hapo kama ilivyomtoa alipokuwa na miaka 25.

Pesa kwanza, maana ndizo zinazobana

NFL ina kikomo cha mishahara, na ni kile kile kwa timu zote 32. Mwaka 2020 kilikuwa dola milioni 198.2; mwaka 2021 kikashuka hadi milioni 182.5 kwa sababu Uviko-19 ulikuwa umewaweka mashabiki nje ya viwanja. Mwaka 2025 kilifika milioni 279.2. Tajiri mwenye timu hawezi kumaliza tatizo kwa kumwaga pesa zake, kama wanavyofanya baadhi ya matajiri wa soka ya Ulaya. Kila dola anayopewa mzee imepunguzwa kwa mtu mwingine kikosini.

Upo ujanja wa kuisogeza bili mbele. Mchezaji hulipwa bonasi ya kusaini taslimu, lakini kwenye vitabu vya ligi bonasi hiyo hugawanywa kwa miaka ya mkataba, hadi mitano. Mzee anataka kucheza mwaka mmoja tu? Basi mkataba unaongezewa miaka hewa: imo kwenye makaratasi kama wafanyakazi hewa walivyomo kwenye orodha ya mishahara, na hakuna atakayeicheza. Akishaondoka, kiasi kilichobaki huangukia vitabu vya timu. Tampa Bay Buccaneers walionja hilo. Tom Brady alistaafu Februari 2023, na msimu uliofuata jina lake likala takriban dola milioni 35 za kikomo cha timu ambayo hakuwa anaichezea tena.

Kwa hiyo ukisikia mzee amesaini kwa bei nafuu, uliza bili itaiva mwaka gani, na timu inategemea kuwa katika hali gani mwaka huo.

Njia ya kwanza: kumbakiza

Brady huyo huyo ndiye mfano mzuri wa kuanzia, kwa sababu Tampa Bay ilimrudisha mara mbili na matokeo yakawa mbali kama mbingu na ardhi.

Mara ya kwanza ni Machi 2021. Ana miaka 43, ametoka kuwachapa Kansas City Chiefs 31-9 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi. Timu ikamwongezea mkataba kwa namna iliyopunguza mzigo wake kwenye vitabu vya mwaka ule, nafasi iliyopatikana ikatumika kuwashikilia wenzake, na wachezaji wote 22 walioanza fainali wakarudi. Wote, wa kushambulia na wa kulinda. Katika ligi hii jambo hilo ni nadra mno. Msimu wa 2021 Brady akaongoza ligi kwa yadi 5,316 na pasi za tachidauni (bao la kuufikisha mpira mwisho wa uwanja) 43, timu ikashinda mechi 13 na kupoteza 4. Walitolewa kwenye mtoano na Los Angeles Rams 30-27, siku ambayo Tristan Wirfs, nguzo ya kulia ya ukuta, alikuwa nje kwa maumivu ya kifundo cha mguu.

Mara ya pili ni 2022. Brady alitangaza kustaafu Februari 1, na siku 40 baadaye akabadili mawazo. Shangwe kubwa. Lakini tazama aliowakuta. Ali Marpet wa kwenye ukuta amestaafu akiwa bado kijana. Alex Cappa, naye wa ukuta, amehamia Cincinnati Bengals. Ryan Jensen, anayesimama katikati, akaumia goti kambini kabla msimu haujaanza. Rob Gronkowski, swahiba wake wa miaka mingi, naye akastaafu, na kocha Bruce Arians akakabidhi timu kwa Todd Bowles. Brady alirusha mpira mara 733 msimu ule, rekodi ya ligi, akiwa na miaka 45. Mkono ulikuwepo, tena ulikuwepo sana. Ila mpira ulikuwa unaachiwa haraka kabla hajakamatwa, na wakimbiaji hawakuwa na pa kupita; timu ilishika mkia wa ligi nzima kwa yadi za kukimbia. Tachidauni zikashuka kutoka 43 hadi 25, rekodi ikawa ushindi 8 na vipigo 9, na kwenye mtoano wakafungwa nyumbani na Dallas Cowboys 31-14.

Mtu ni yule yule na mazoezi yake ni yale yale. Tofauti ya tachidauni 18 usiitafute begani kwake.

Sasa linganisha Denver Broncos wa 2015 na Pittsburgh Steelers wa 2021, kwa sababu hizi ni kesi mbili zilizoanza kwa kufanana kuliko zote ninazozijua. Timu zote mbili zilikuwa na kwotabeki mwenye hadhi ya kuingia kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huu. Peyton Manning wa Denver aliuanza msimu wake wa mwisho akiwa na miaka 39, na Ben Roethlisberger wa Pittsburgh naye 39. Timu zote mbili zilimwambia mzee: tunakutaka, lakini punguza mshahara. Wote wawili walikubali. Manning alikatwa dola milioni 4, kutoka 19 hadi 15. Roethlisberger alikatwa milioni 5, kutoka 19 hadi 14. Kufanana kunaishia hapo.

Denver ilimkata Manning kwa masharti ya kurudishiwa: milioni 2 kama timu ingechukua ubingwa wa AFC, mojawapo ya kanda mbili za ligi, na milioni 2 nyingine kama ingechukua Super Bowl. Mkubwa wa masuala ya timu alikuwa John Elway, ambaye mwenyewe alichukua Super Bowl mbili mfululizo akiwa na miaka 37 na 38 kisha akastaafu, kwa hiyo alikuwa anaongea na mzee mwenzake. Elway hakuutegemea mkono wa Manning. Alikuwa ameshajenga ulinzi wa kutisha: Von Miller na DeMarcus Ware wa kumwinda kwotabeki wa wapinzani, Aqib Talib na Chris Harris nyuma wa kuziba wapokeaji, na Wade Phillips akaletwa kuufundisha. Nyuma ya Manning alikaa Brock Osweiler, aliyekuwa tayari amepikwa kwa miaka mitatu.

Manning alicheza vibaya, na sipendi kuremba. Tachidauni 9, pasi zilizonaswa na wapinzani 17. Novemba 2015 dhidi ya Chiefs alifikisha pasi 5 tu kati ya 20, zikanaswa 4, akatolewa. Ilikuwa siku ile ile aliyovunja rekodi ya Brett Favre ya yadi nyingi za maisha. Kuna siku mchezo unakutukuza na kukuaibisha kwa pamoja. Osweiler akaanza mechi saba, akashinda tano. Manning alirudi mechi ya mwisho ya msimu, akiingia kutoka benchi, na timu ikaenda hadi Super Bowl 50 na kuwafunga Carolina Panthers 24-10. Mashambulizi ya Denver siku hiyo yalipata yadi 194 tu, chache kuliko za bingwa yeyote wa Super Bowl. Von Miller ndiye aliyekuwa mchezaji bora, na hakuna aliyebisha. Manning alirudishiwa zile milioni 4, akaaga.

Steelers walikuwa na sababu ya kumtaka Roethlisberger pia. Msimu wa 2020 walianza kwa kushinda mechi 11 mfululizo. Lakini walimaliza vibaya, na Januari 2021 wakatolewa nyumbani na Cleveland Browns 48-37. Bila mkataba mpya, mzigo wake kwenye vitabu vya 2021 ungekuwa dola milioni 41.25, zaidi ya moja ya tano ya kikomo chote cha mwaka ule. Baada ya kukatwa na kusogezwa mbele ukabaki karibu milioni 26. Nafuu, ndiyo, lakini bado ni nyingi kwa mwaka ambao kikomo kilikuwa kimeshuka. Na ukuta? Maurkice Pouncey wa katikati alistaafu. Alejandro Villanueva akaenda kwa mahasimu wao Baltimore Ravens. Matt Feiler akaenda Los Angeles Chargers. David DeCastro akaachwa Juni. Wanne kati ya watano! Aprili ilipofika zamu ya kuchagua vijana wa vyuo vikuu, ile inayoitwa drafti, chaguo lao la kwanza likawa mkimbiaji, Najee Harris. Ni mchezaji mzuri, lakini mkimbiaji anahitaji ukuta kama kwotabeki anavyouhitaji.

Msimu ule T.J. Watt aliifikia rekodi ya ligi kwa kuwaangusha makwotabeki mara 22.5, na hata hivyo Steelers walimaliza na ushindi 9, vipigo 7 na sare 1, wakapenya mtoano kwa msaada wa matokeo ya wengine, wakafungwa na Chiefs 42-21. Roethlisberger akastaafu. Ukiniuliza ni kesi gani nzuri zaidi ya kumwonyesha meneja anayetaka kumrudisha mzee wake, ni hii. Hakuna aliyefanya jambo la kijinga. Mzee alipunguza mshahara kwa moyo mmoja, timu ikamheshimu, mashabiki wakapata mwaka wa kuagana. Walichosahau kujiuliza ni nani atakayesimama mbele yake.

Green Bay Packers wa 2022 ni ndugu wa kesi hiyo, ila kwa bei kubwa zaidi. Aaron Rodgers alikuwa ametoka kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi miaka miwili mfululizo, 2020 na 2021. Machi 2022, akiwa na miaka 38, wakampa mkataba ulioripotiwa kuwa wa miaka mitatu na dola milioni 150. Siku chache baadaye mpokeaji wake mkuu, Davante Adams, aliyedaka mipira 123 msimu uliopita, akauzwa Las Vegas Raiders. Sisemi pesa za Rodgers ndizo zilizomfukuza. Adams mwenyewe alitaka kwenda kucheza na Derek Carr, rafiki yake tangu chuo kikuu cha Fresno State. Matokeo kwa Rodgers ni yale yale. Aliumia kidole gumba London mwezi Oktoba dhidi ya New York Giants, akajikaza, timu ikamaliza 8 kwa 9 na kuukosa mtoano. Mwaka uliofuata aliuzwa, na takriban dola milioni 40 zikabaki kwenye vitabu vya Packers.

Na Favre na Minnesota Vikings? Nitapita haraka. Mwaka 2009, ulio wake wa kutimiza miaka 40, tachidauni 33 na pasi 7 tu zilizonaswa, timu ikafika hatua moja kabla ya Super Bowl. Agosti 2010 wachezaji watatu walipanda ndege hadi Mississippi kumbembeleza arudi. Akarudi. Sidney Rice, mpokeaji wake bora, akakosa zaidi ya nusu ya msimu kwa upasuaji wa nyonga. Tachidauni 11, zilizonaswa 19, ushindi 6, vipigo 10, kocha Brad Childress akafukuzwa kabla msimu haujaisha.

Njia ya pili: kumwachia, mrithi akiwa tayari

Hapa walimu ni Packers, waliofanya hivyo mara mbili. Mwaka 2005 walimchagua Rodgers wa 24 kwenye drafti wakati Favre bado anacheza, wakamkalisha miaka mitatu. Mwaka 2020 wakamchagua Jordan Love wa 26 wakati Rodgers bado anacheza, naye wakamkalisha miaka mitatu. Mara zote mbili mzee alikasirika na mashabiki wakalalamika. Mara zote mbili mzee aliuzwa New York Jets.

Watu husahau kwamba mwaka wa kwanza wa Rodgers, 2008, ulikuwa mchungu. Packers walitoka ushindi 13 wa mwaka uliopita hadi ushindi 6 na vipigo 10. Lakini angalia ndani ya matokeo: yadi 4,038 na tachidauni 28 kwa kijana anayeanza. Meneja mwoga angeyaona yale 6 kwa 10 na kujuta. Packers walivumilia, na Februari 2011 Rodgers akawafunga Steelers 31-25 kwenye Super Bowl, msimu ule ule ambao Favre alikuwa anazama na Vikings. Love naye, katika mwaka wake wa kwanza wa kuanza, 2023, alimaliza 9 kwa 8 kisha akawafunga Cowboys 48-32 kwao kwenye mtoano. Rodgers mwaka huo alikatika kano ya kisigino katika shambulizi la nne tu la mechi yake ya kwanza na Jets, msimu ukaisha hata haujaanza.

Njia hii ina gharama ambayo wengi hawaioni. Mkataba wa kijana aliyetoka drafti ni wa bei nafuu kwa miaka minne tu. Akikaa benchi mitatu, miaka yake ya bei rahisi imeishia kwenye kiti. New England Patriots walikumbana na upande wa pili wa tatizo hilo: walikuwa na mrithi mzuri wa Brady, Jimmy Garoppolo, mkataba wake ukawa unaisha huku mzee haonyeshi dalili ya kuchoka, wakamuuza San Francisco 49ers Oktoba 2017. Brady akawapa Super Bowl nyingine Februari 2019, kwa hiyo siwezi kusema walikosea. Ila alipoondoka Machi 2020, kiti kilikuwa kitupu.

Colts wa Indianapolis walipata mrithi kwa njia ya bahati mbaya. Manning alikosa msimu wote wa 2011 kwa upasuaji wa shingo, timu ikashinda mechi 2 tu kati ya 16, na kwa hiyo ikapata chaguo la kwanza la drafti. Machi 2012 wakamwacha Manning kabla bonasi ya dola milioni 28 haijaiva, wakamchukua Andrew Luck. Luck akashinda mechi 11 kwa msimu katika misimu mitatu ya mwanzo, na Januari 2015 akaenda Denver kumtoa Manning huyo huyo kwenye mtoano, 24-13. (Colts wa enzi hizo ndio waliomsajili Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka kwenye raga, wachache wetu walianza kuitazama ligi hii kwa ajili yake.) Uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini Luck naye hakulindwa na ukuta miaka ile ya mwanzo, akapigwa mno, akastaafu Agosti 2019 akiwa na miaka 29. Baada yake Colts wakaingia kwenye mzunguko wa kuazima wazee: Philip Rivers, kisha Matt Ryan. Desemba 2025, majeruhi yalipowamaliza, walimrudisha Rivers kutoka kwenye kustaafu akiwa na miaka 44, akacheza dhidi ya Seattle Seahawks na kufungwa kwa pointi mbili, 18-16. Kumbe hata kijana ukimwacha bila ukuta, unamaliza pale pale.

Njia ya tatu: kumwachia, mrithi hayupo

Hii ndiyo inayoogopwa kuliko zote, na ndiyo inayowafanya mameneja wengi wamrudishe mzee hata wakijua. Patriots wa 2020 walimchukua Cam Newton kwa pesa kidogo, wakamaliza 7 kwa 9, msimu wao wa kwanza wa vipigo vingi kuliko ushindi tangu 2000. Denver baada ya Manning ilikaa misimu minane bila mtoano, hadi Bo Nix alipofika 2024. Pittsburgh baada ya Roethlisberger ilimchagua Kenny Pickett mwaka 2022, ikamuuza 2024, ikawachukua Russell Wilson na Justin Fields, kisha Juni 2025 ikamsaini Rodgers mwenye miaka 41 kwa mwaka mmoja.

Lakini ukiilinganisha kwa haki, njia hii si mbaya kama inavyoimbwa. Turudi Tampa Bay. Mwaka 2023 walikuwa na ile bili ya Brady ya milioni 35, na kwotabeki wao mpya, Baker Mayfield, aliyekuwa ameshapitia timu tatu, alisaini kwa dola milioni 4 za uhakika. Fikiria: aliyestaafu anakula karibu mara tisa ya anayecheza. Kwenye makaratasi ulikuwa mwaka wa kulia. Wakashinda 9, wakachukua kundi lao, wakawachapa Philadelphia Eagles 32-9 kwenye mtoano. Mwaka wa mwisho wa Brady walikuwa 8 kwa 9. Wirfs alikuwepo, Mike Evans alikuwepo, Chris Godwin alikuwepo, ulinzi wa Bowles ulikuwepo. Mfupa wa timu ulibaki, na mtu wa bei rahisi akaubeba.

Denver ilikuwa na ulinzi bado, lakini haikuwa na Mayfield wake. Osweiler alikwenda Houston Texans kwa mkataba wa dola milioni 72 wa miaka minne, na Denver ikamchagua Paxton Lynch ambaye hakufika popote. Je, wangefaidika kumbembeleza Manning mwaka mmoja zaidi? Kwa tachidauni 9 na mipira 17 iliyonaswa, hapana. Misimu minane ya njaa ni mingi, ila shabiki wa Denver ninayemwamini atakwambia alilipia Super Bowl 50 na hadai chenji.

Sasa uchague

Ningekuwa mimi nimekalia kiti hicho, nisingeanza na video za mzee. Ningeandika majina ya watu watano wa ukuta, wapokeaji wawili wa kwanza na ulinzi wa mwaka uliopita, kisha nikate walioondoka au wanaokaribia kuondoka. Yakibaki mengi, kama Tampa Bay 2021 au Denver 2015, mbakishe mzee hata kama mkono umeanza kulegea. Ukikata majina manne ya ukuta, kama Pittsburgh, mshukuru na umwachie, hata kama hujui atakayemfuata. Pesa zake nunua ukuta, maana atakayekuja, awe kijana au mkongwe wa bei rahisi, ataukuta.

Kama kuna mrithi benchi anayeingia mwaka wake wa tatu au wa nne, usimrudishe mzee hata akiwa mchezaji bora wa ligi. Najua hili ni gumu kumeza, na Packers wenyewe mwaka 2022 hawakulimeza. Lakini kila mwaka unaomwongeza mzee unaula kwenye mkataba nafuu wa kijana.

Ukiamua kumbakiza, iga mkataba wa Denver kuliko wa Green Bay: mwaka mmoja, mshahara uliokatwa, na njia ya kuurudisha kwa ushindi wa timu, si kwa takwimu zake binafsi. Mtu anayelipwa kwa tachidauni atarusha tu. Hakikisha pia yupo nyuma yake mtu anayeweza kuanza mechi saba na kushinda tano, na kwamba kocha ana ruhusa ya kumtoa mzee Novemba bila kumpigia simu mwenye timu. Gary Kubiak, kocha wa Denver, alimtoa Manning siku ya rekodi yake, na bila ujasiri ule sidhani kama Denver ingefika Februari.

Heshima na kuagana sijaviweka kwenye hesabu, si kwa sababu havina maana. Shabiki ana haki ya kutaka kumwona mzee wake akipunga mkono uwanjani kwa mara ya mwisho. Meneja pia anaweza kuvitaka, mradi ajue bei yake na asivichanganye na sababu za ushindi.

Jambo la mwisho ni tarehe. Favre alistaafu Machi 2008 akataka kurudi Julai. Brady alichukua siku 40. Rodgers aliwasainia Steelers Juni 2025, karibu miezi mitatu baada ya soko la wachezaji huru kufunguliwa Machi, wakati wachezaji wazuri wa ukuta wameshagawanywa. Mzee ana haki ya kuusikiliza mwili wake baada ya msimu, lakini timu haiwezi kujenga ukuta wa mtu isiyemjua. Mpe hadi wiki moja kabla ya soko kufunguliwa. Asipojibu, chukulia amesema hapana, na upige simu ya kwanza kwa mtu wa katikati ya ukuta.